Kabla ya Kununua Kasi, Pima Ukuta

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo. Nalo ni intaneti ya nyumbani, ile isiyo na waya, ambayo hushika vizuri sebuleni na kukataa kabisa chumbani. Nimeamua kulileta hapa kwa sababu mimi mwenyewe limenila fedha, na lilikuwa karibu kunila kitu kikubwa kuliko fedha, yaani utulivu wa moyo wa mama yangu.

Mama yangu ni mtu mzima sana. Amepindukia miaka 84, na tangu alipovunjika nyonga hashuki ngazi. Anakaa orofa ya juu ya nyumba yetu ya ukoo, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika chumba cha nyuma. Mdogo wangu Salim yuko London, na huu ni mwaka wa ishirini na kitu. Kila Jumapili alasiri, ambayo ndiyo siku yake ya mapumziko, Salim hupiga simu ya picha kumjulia hali mama na kumwonyesha wajukuu. Kwa mama, saa ile moja ndiyo wiki yote. Huoga mapema, hujifunga kanga mpya, akakaa kitandani kungoja.

Kwa muda wa mwaka mzima simu hiyo ilikuwa mateso. Salim akianza kuamkia, sura yake huganda na mdomo wazi. Sauti hukatika, hurudi, hukatika tena. Mama huitikia salamu, husubiri, na kimya. Sisi tulijua kuwa ni mtandao. Yeye alizoea simu za waya, ambazo mtu akinyamaza basi amenyamaza. Jumapili moja, baada ya simu kukatika mara ya nne, aliiweka kitandani akaniambia taratibu, "Huyu Salim kanichoka. Kila nikimsemesha hunyamaza."

Maneno yale yaliniuma. Asubuhi yake nilikwenda kwenye kampuni inayotuletea intaneti, ambayo sina haja ya kuitaja, nikaomba kasi kubwa zaidi. Kijana wa kaunta hakuniuliza nyumba yangu ikoje, wala ruta imewekwa wapi. Alinipandisha kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi megabiti 20, na malipo ya mwezi yakapanda nayo. Jumapili iliyofuata Salim aliganda vile vile, mdomo wazi.

Nikamwita mtoto wa dada yangu, Rahma, ambaye ni fundi wa kompyuta. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mjomba, wewe umejaza tangi, na bomba la juu limeziba."

Ndugu wasikilizaji, katika maneno hayo machache mna mafunzo yote ninayotaka kuwapeni leo.

Jambo la kwanza alilofanya Rahma ni kupima. Alisimama kando ya ruta pale sebuleni, akapima kasi kwa simu yake. Akapata megabiti 18. Akapanda ngazi hadi ukumbi wa juu, akapata 6. Akaingia chumbani kwa mama, akapima mara tatu, na mara zote hata megabiti moja haikufika. Akashuka akaniambia, "Kampuni inakuletea unachokilipia, mjomba. Kinapotea humu humu ndani."

Nami nataka kila anayenisikiliza alikumbuke jambo hilo kabla hajatoa shilingi yake. Pima kwanza ukiwa umesimama kando ya ruta, na ukiweza pima kwa kompyuta iliyochomekwa waya. Ikiwa hapo hapo kasi ni duni, basi ugomvi wako ni na kampuni, nenda ukadai haki yako. Lakini ikiwa kando ya ruta mambo ni mazuri na chumbani ni mabaya, kampuni haina la kukusaidia. Simu ya picha ya mtu mmoja haihitaji zaidi ya megabiti 2 hivi. Zile 10 zangu za mwanzo zilitosha na kubaki. Nilichonunua ni maji zaidi ya tangi lililokwisha kujaa.

Sasa tuulize, kinapotea vipi?

Ruta ni kituo kidogo cha redio. Hurusha mawimbi kama kituo hiki kinavyorusha sauti yangu, ila kwa masafa mengine na kwa nguvu ndogo mno. Mitambo ya redio kama hii hupimwa kwa maelfu ya wati. Ruta ya nyumbani, katika masafa yake ya kawaida, hutumia takriban moja ya kumi ya wati moja, na hata taa ya chumbani huishinda mbali. Udogo huo una sababu yake. Mwaka 1985 Marekani ilifungua masafa fulani yatumiwe na mtu yeyote bila leseni, kwa sharti kwamba nguvu iwe ndogo ili watu wasiingiliane, na nchi nyingi zikafuata mwendo huo. Mwaka 1997 wahandisi wa taasisi ya IEEE wakatoa kanuni za kwanza za kupitisha habari za kompyuta katika masafa hayo, kwa kasi ya megabiti 2 tu, na mwaka 1999 likazaliwa jina la Wi-Fi, ambalo sisi tumelizoea kwa kulitamka waifai.

Kuna tofauti nyingine baina ya redio na ruta, na watu wengi huisahau. Redio yako husikiliza tu. Mimi nasema, wewe unasikia, basi. Lakini simu haisikilizi tu, nayo lazima ijibu. Kila kipande cha habari kinachofika, simu hurudisha neno kwamba kimefika. Simu ina antena ndogo na betri ya kubania. Ndiyo maana unaweza kuona alama za mtandao zimejaa kwenye kioo na bado mambo hayaendi. Simu inaisikia ruta, ila ruta haiisikii simu.

Kisha kuna ukuta. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nilipopima ukuta wa chumba cha mama kwa njia ya kizee, nilipata dhiraa moja na shubiri juu yake. Sakafu za juu zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti mawe na chokaa tena. Ukuta wa namna hiyo huzuia joto, na hilo ndilo walilolitaka mababu. Lakini huyazuia na mawimbi pia. Wimbi likipita ukuta wa kwanza hudhoofika, likipita wa pili hubaki kivuli.

Wenye nyumba za matofali ya saruji wasijione wamenusurika. Zege lenye nondo ni adui, na bati ni adui mkubwa zaidi, kwani chuma hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Kioo cha kabati nacho kimo, kwa sababu nyuma yake mna utando wa madini. Maji hunyonya mawimbi, kwa hiyo tangi lililo katikati ya ruta na chumba lina hasara yake. Hali kadhalika jiko la maikrowevu, ambalo hufanya kazi karibu na masafa yale yale, laweza kuvuruga simu wakati linapopasha chakula.

Ruta nyingi za leo hurusha katika masafa mawili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo, na majirani wote wamo humo. Yale ya 5 yana kasi kubwa, ila ukuta huyachosha upesi. Ukiwa chumba kimoja na ruta, tumia ya 5. Ukiwa mbali, jaribu ya 2.4.

Mimi hushangaa ninapofikiri safari ya sura ya ndugu yangu. Kutoka London hadi hapa ni takriban kilomita 7,400 kwa mstari ulionyooka. Tangu waya wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, na nyingine zikafuata, sehemu kubwa ya habari zetu hupita chini ya bahari, ndani ya nyuzi za kioo zilizo nyembamba kama unywele. Sura ya Salim ilivuka umbali huo wote ikafika sebuleni salama. Kisha ikashindwa na ukuta wa babu yangu.

Dawa ya kwanza, ndugu wasikilizaji, haina gharama yoyote. Ni kuihamisha ruta. Yetu ilikuwa imesukumizwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, chini kabisa, eti kwa sababu taa zake zinachukiza. Rahma aliitoa akaiweka juu ya rafu, mahali pa wazi, karibu na mlango wa kuendea ngazini. Kule ukumbi wa juu kasi ikapanda kutoka 6 hadi 9. Chumbani kwa mama tukapata 2 alfajiri wakati majirani wamelala, lakini jioni ilirudi chini ya moja. Pangekuwa ni nyumba ndogo, dawa ingekuwa imekwisha. Kwetu haikutosha.

Ndipo Rahma akaniuliza, "Mjomba, ile ruta yenu ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya mtoto wa meza, pamoja na chaja za simu zilizokufa na funguo zisizojulikana milango yake. Tuliibadilisha miaka minne nyuma tulipohamia kampuni nyingine. Nadhani nyumba nyingi zenye intaneti zina ruta kama hiyo mahali fulani. Tunaihesabu kuwa ni takataka, kumbe ni kituo kizima cha kurusha mawimbi. Rahma akaniambia kwamba tukipitisha waya kutoka ruta ya chini hadi chumbani kwa mama, na mwisho wa waya tukachomeka ruta hii ya zamani, basi habari zitapanda juu kwa waya bila kujali ukuta, na zitarushwa hewani ndani ya chumba kile kile. Akasema atarudi Jumatatu kuifunga.

Hapa naomba niungame. Ilikuwa Jumamosi jioni, na kesho yake ni Jumapili ya Salim. Nikajiambia, kuna ugumu gani hapo? Nilinunua waya, nikaupitisha, nikauchomeka kwenye tundu la kwanza nililoliona, nikawasha umeme. Taa zikawaka. Nikalala nimefurahi.

Jumapili hakuna kilichofanya kazi. Si chumbani, si sebuleni, si simu ya mtu yeyote nyumbani. Salim alipiga, hakutupata. Mama alikaa na kanga yake mpya tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Hakulalamika. Aliniambia tu nimsaidie kulala. Nilizima kila kitu, nikawasha tena, nikazima tena, mpaka usiku wa manane.

Rahma alipokuja Jumatatu na kusikia habari, alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Akanieleza kosa langu, nami nawaelezeni kama nilivyoelewa.

Kila chombo kinachoingia katika mtandao wa nyumba hupewa anwani yake, na anayegawa anwani hizo ni ruta. Kazi hiyo imeandikwa kwenye ruta kwa herufi nne, DHCP. Fikirini zahanati yenye karani mmoja mlangoni anayegawa namba kwa wagonjwa. Mambo huenda kwa taratibu. Sasa akae karani wa pili upande wa pili wa mlango, naye ana kitabu chake cha namba. Watu wawili watapewa namba 5, na mbele ya daktari patakuwa na zogo. Ndivyo nilivyofanya. Ruta zangu mbili zote zilikuwa zinagawa anwani. Isitoshe, kila moja ilikuwa ikitumia kwa ajili yake anwani ile ile, 192.168.1.1, ambayo ruta nyingi hutoka nayo kiwandani. Na baya zaidi, ile ya zamani iliviambia vyombo, "Njia ya kutokea nje ni mimi." Vikaifuata, nayo haina njia ya kutokea popote. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja.

Basi siri yote iko hapo. Ruta ya pili lazima ivuliwe ubwana. Isigawe anwani, isijifanye mlango wa nje, iachiwe kazi moja tu ya kurusha mawimbi. Sasa mwenye kalamu aandike. Asiye nayo asihangaike, kwani mazungumzo haya hupigwa chapa gazetini.

Kwanza, hakikisha kuwa ruta hiyo ni mali yako. Kampuni nyingine hukopesha tu ruta na kuidai mteja anapohama. Nyingine huifunga isibadilishwe mipangilio. Uliza.

Pili, irudishe katika hali ya kiwandani. Nyuma yake pana tundu dogo la kuingia ncha ya sindano. Ruta ikiwa imewashwa, bonyeza humo kwa muda wa sekunde 10 au zaidi, mpaka taa zipepese. Usiiunganishe bado na ruta kubwa.

Tatu, chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta hiyo ya zamani, kisha andika katika kompyuta anwani iliyobandikwa chini ya mashine, pamoja na jina na nywila yake. Utaingia katika mipangilio yake. Ikiwa mna chaguo lililoandikwa AP, umepata bahati, kwani ukilichagua mashine itajivua ubwana yenyewe, na waya uuchomeke kama maelezo yake yanavyosema. Ikiwa halimo, endelea nami.

Nne, ibadilishe anwani yake. Ikiwa ruta kubwa ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, maadamu hakuna chombo kingine kinachoitumia. Baada ya kuihifadhi, kompyuta itakatika. Ingia tena kwa anwani mpya.

Tano, tafuta yale maneno DHCP, uzime. Msisahau hatua hii kama mimi.

Sita, ipe waifai yake jina na nywila zile zile za ruta kubwa, na aina ile ile ya ulinzi. Hapo simu itazijua zote mbili kama mtandao mmoja. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3. Ikiwa mashine ni kongwe kiasi cha kujua WEP peke yake, itupe, kwani ulinzi huo ulibainika kuwa dhaifu tangu mwaka 2001, na mtoto wa jirani anaweza kuuvunja. Badilisha pia ile nywila ya kuingilia katika mipangilio, usiiache ya kiwandani.

Saba, chagua njia. Katika masafa ya 2.4 kuna njia tatu zisizogongana, nazo ni namba 1, 6 na 11. Ruta zako zisitumie njia moja. Rahma alihesabu mitandao ya majirani 14 pale chumbani, maana nyumba zetu zimeegemeana kama watu katika daladala. Ya chini akaipa namba 1, ya juu namba 11.

Nane, sasa leta waya kutoka ruta kubwa. Uchomeke katika moja ya yale matundu yaliyoandikwa LAN, kwa pande zote mbili. Tundu la WAN, ambalo aghalabu lina rangi ya peke yake, liache tupu.

Juu ya waya wenyewe nina maneno machache. Nunua ule wa aina ya Cat5e au zaidi, na umuulize muuzaji kama ni shaba tupu, kwani sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, rahisi kwa bei, nao huvunjika upesi. Urefu usizidi mita 100, na sidhani kama kuna nyumba kwetu inayofika huko. Usiupitishe katika bomba moja na waya wa umeme. Ukipita juani, chagua ule wenye ganda la kuvumilia jua. Wala msitoboe kuta za kale ovyo. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kuta hizi si zetu peke yetu. Sisi tuliupitisha waya katika tundu lililoachwa na waya wa simu ya zamani, ukapanda kando ya ngazi mpaka juu. Bei yake haikufika ile nyongeza niliyokuwa nikiilipa kampuni kwa miezi mitatu.

Najua mtu ataniuliza, "Mimi nimepanga, mwenye nyumba hataki waya, nifanye nini?" Baadhi ya ruta za zamani zinaweza kuunganishwa na ile kubwa kwa mawimbi, bila waya. Huipokea habari na kuirusha tena mbele, kama mtu anayerudia maneno ya msemaji ili walio nyuma wasikie. Njia hiyo inafaa, ila ijulikane kasoro yake. Mashine inayopokea na kurusha kwa masafa yale yale haiwezi kufanya mawili kwa pamoja, kwa hiyo kasi hupungua takriban nusu. Na wengi hukosea mahali pa kuiweka. Huiweka ndani ya chumba kisichoshika. Mrudiaji akisimama mahali ambapo yeye mwenyewe hasikii, atarudia nini? Mweke katikati ya njia, mahali ambapo bado anamsikia msemaji vizuri.

Nisiwafiche kasoro za ruta ya zamani. Ruta nyingi za miaka ya nyuma matundu yake hayapitishi zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde. Mwenye kununua kasi kubwa kuliko hiyo ataiona inamkwamisha, lakini kwa sisi wa 10 na 20 haina neno. Pia watengenezaji huacha kutoa masahihisho ya programu kwa mashine kongwe. Ingia uangalie kama kuna toleo jipya la programu yake, na uliweke. Tena simu zetu zina ukaidi. Ukitoka chumbani kushuka chini, simu yaweza kuendelea kung'ang'ania ruta ya juu iliyo mbali. Zima waifai ya simu, uiwashe tena, itaishika iliyo karibu.

Rahma alimaliza kazi yote kabla ya adhuhuri. Akapima chumbani kwa mama, akapata megabiti 17. Akamwambia, "Bibi, Jumapili hii mjomba Salim hatanyamaza." Mama akamtazama tu. Hakuamini, na sikumlaumu.

Jumapili alasiri simu ikalia. Salim akaamkia, mama akaitikia, na Salim akaendelea kusema. Mama akakaa kimya, akingoja sura igande. Haikuganda. Akaletwa mjukuu mdogo, akafungua mdomo kuonyesha jino lililong'oka, na mama akamwambia alitupe juu ya paa, kama tulivyofanya sisi. Salim akamweleza kuwa paa la kule liko mbali, ni jengo la orofa nyingi. Mama akacheka. Walizungumza saa nzima na dakika kumi. Simu ilipokwisha aliniita, akanishika mkono, akasema, "Kumbe hakunichoka."

Nilitaka kumwambia kuwa alikuwa akizungumza na ukuta mwaka mzima. Nikaona haina maana. Nilimwambia, "Hakukuchoka, mama."

Mwisho wa mwezi nilirudi kwa kijana wa kaunta nikamwomba anirudishe megabiti 10. Aliniuliza kama nimepata matatizo ya fedha. Nikamwambia la, nimepata ruta ya zamani kabatini. Sidhani kama alinielewa. Lakini nyinyi mmenielewa, ndugu wasikilizaji. Mwenye mzazi aliye chumba cha nyuma, au mwanafunzi anayesoma amesimama ngazini ili apate mtandao, leo usiku na afungue lile kabati.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaaliwa, kwaherini.